Mlango wa Feitsma

Siku ya utetezi wa tasnifu ya mwanafunzi wake Jelmer, Profesa Machteld Feitsma aliamka akitamani kuumwa. Alijipapasa shingo, akameza mate mara mbili tatu, akajisikiliza kifua. Wapi! Alikuwa mzima kama ng'ombe wa maonyesho. Basi akanywa kahawa yake na biskuti moja, maana Mholanzi hata siku ya kunyongwa biskuti ni moja, akalikunja joho lake jeusi ndani ya mfuko wa baiskeli na kutoka. Mvua ilikuwa ile ya pale kwao, isiyonyesha wala kukatika.

Machteld alikuwa mtu mkubwa katika elimu ya ubongo, na ukubwa wake wote ulitoka kwenye makala moja ya kurasa tano. Aliiandika ujanani. Aliwaingiza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, akawapa maneno ya kukariri, kisha akawataka wayakumbuke. Akaona kidoa kidogo nyuma ya paji la uso kikiwaka punde tu kabla ya mtu kukumbuka, kana kwamba kuna mlango unafunguliwa. Wenzake wakaupa jina: Mlango wa Feitsma. Ukaingia vitabuni, watoto wa chuo wakaulizwa kwenye mtihani.

Sasa kwenye biashara ya sayansi, thamani ya mtu haipimwi kwa alichokiandika bali kwa waliomtaja. Kila anayeandika hutaja kazi za wenzake alizozitegemea, na kila kutajwa kunahesabiwa. Makala nyingi hufa zikiwa zimetajwa mara tano, na mara tatu kati ya hizo ni mwandishi anajitaja mwenyewe bila haya. Ya Machteld ilikuwa imevuka elfu sita. Ndiyo iliyompa uprofesa, ikampa taasisi yenye ghorofa yake peke yake, ikawapa ajira watu waliokuwa na mikopo ya nyumba na watoto wanaotaka baiskeli mpya. Kila Jumatatu kompyuta ilimletea taarifa ya waliomtaja wiki hiyo. Zamani aliisoma kwa raha kuliko ile biskuti. Siku hizi aliifungua kama mtu anayefungua majibu ya hospitali.

Kwa sababu ule mlango haukuwepo.

Alianza kuhisi miaka mingi nyuma, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya dada yake. Walikuwa wamekaa duara kwenye viti, kama kawaida, kila mtu na kipande chake cha keki, kila mtu akimpongeza kila mtu. Shemeji yake alikuwa akijaribu kukumbuka jina la hoteli fulani ya Austria. Akaduwaa, mdomo wazi, kifua kimesimama. Halafu jina likamjia, akashusha pumzi. Machteld akabaki na uma hewani. Mtu anayetafuta jambo kichwani hubana pumzi kidogo, wala hajijui. Na mtu akibana pumzi, damu yake hubadilika. Na ile mashine yake ya mamilioni haioni mawazo hata siku moja, inaona damu tu. Alikuwa amepiga picha ya pumzi iliyobanwa kama ile ya shemeji yake, dunia nzima ikauita mlango.

Angeweza kupima kesho yake asubuhi. Hakupima. Akajiambia atapima baada ya ufadhili mkubwa kupita. Ukapita. Akasema baada ya wakaguzi kuja. Wakaja, wakasifu, wakaondoka. Akasema baada ya kumwajiri mtu mwingine, baada ya kiangazi, baada ya hili na lile. Miaka ikaenda, naye akazeeka humo humo ndani ya hiyo baada.

Ndipo akaja Jelmer Boonstra kufanya udaktari wa falsafa. Huyu alikuwa mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Frisia, kaskazini mwa nchi, mikono mikubwa, masikio mekundu, mtu asiyejua kunyamaza. Bila kumuuliza mtu, akaagiza mikanda ya kupimia pumzi, ile inayofungwa kifuani, akamfunga kila aliyeingia kwenye mashine. Siku moja akaingia ofisini kwa Machteld na kompyuta kwapani, akafunga mlango nyuma yake. Pale taasisini milango haifungwi ovyo. Machteld alijua kabla kijana hajakaa.

"Machteld, angalia hapa," Jelmer alisema. "Hawa wamebana pumzi, kidoa kinawaka. Hawa nimewaambia wapumue kwa kufuata mlio, moja mbili, moja mbili. Maneno wameyakumbuka vizuri tu. Kidoa hakuna."

"Umerudia?"

"Nimerudia mpaka wenzangu wananicheka. Nilidhani nimekosea mimi."

"Na sasa unadhani kakosea nani?"

Jelmer akaangalia viatu vyake. "Mimi sidhani kitu. Nimeona tu."

Machteld angeweza kusema, mwanangu, na mimi niliona zamani. Badala yake akajisikia akisema kwa sauti ya upole, ile sauti ya kikao, "Hii ni kazi nzuri. Nzuri mno kuibana kwenye tasnifu. Sura ya nne itoe. Tutaiandika vizuri, mimi na wewe, baada ya utetezi."

"Baada ya utetezi lini?"

"Baada."

Jelmer hakuwa mjinga. Lakini alimpenda yule mama. Baba yake alipofariki katikati ya masomo, Machteld alikwenda mpaka shambani kwao, akavaa mabuti ya mpira, akasaidia kukamua asubuhi nzima, vibaya kiasi kwamba ng'ombe mmoja alimgeukia kumtazama. Mambo kama hayo mtu hasahau. Sura ya nne ikatoka.

Jelmer alibakiza mstari mmoja tu unaoitaja mikanda, na kitu kingine kimoja. Kwao, kila tasnifu huambatana na karatasi ndogo ya hoja fupi fupi ambazo mtahiniwa yuko tayari kuzitetea, na ya mwisho huwa ya utani. Hoja ya mwisho ya Jelmer ilisema: Makala inayotajwa na wote haisomwi na yeyote. Machteld aliiona, akacheka kwa sauti ili ionekane kacheka.

Mchana wa siku moja kabla ya utetezi Machteld alimpigia Jelmer simu. "Wakikuuliza kuhusu ile mikanda," alimwambia, "jibu unavyoona mwenyewe." Aliamini kwamba anamwachia kijana uhuru wake. Alipokata simu alijiona msafi kwa muda wa kama saa moja hivi. Kisha akaelewa alichokifanya: alikuwa amechukua mzigo wake mwenyewe, akauweka kwenye mabega ya mtoto wa watu, akamwambia atembee nao apendavyo.

Kwenye ukumbi wa chuo, chini ya picha za maprofesa waliokufa, wageni walishajaa. Mama yake Jelmer, Tietsje, alikuwa amevaa gauni la bluu lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Akamwendea Machteld moja kwa moja, tasnifu mkononi.

"Profesa, nimekisoma kitabu."

"Chote?"

"Shukrani tu. Si ndipo wote wanaposoma? Nimejiona, nimeona na ng'ombe wetu. Mengine nikaona nisijisumbue, mimi na mvi zangu hizi." Akamwinamia. "Halali huyu. Wiki nzima anazunguka zizini kama kuku aliyekosa pa kutagia. Nikamwambia, unaogopa nini, si Machteld atakuwepo?"

"Nitakuwepo," alisema Machteld.

Atakuwepo, ndiyo, lakini bila mdomo. Desturi ya utetezi wa Uholanzi ndivyo ilivyo: msimamizi huketi mezani na wenzake, joho na kofia, akimtazama mtahiniwa wake akichomwa maswali, wala haruhusiwi kumsaidia kwa neno. Atatabasamu, atakunja mikono, basi. Na utetezi una saa yake. Saa ikitimia, mshika fimbo wa chuo huingia, huigonga sakafuni na kutangaza kwa Kilatini kwamba wakati umefika, na hapo hata aliye katikati ya sentensi huruhusiwa kuiacha ilivyo. Wapo waliookolewa na fimbo hiyo, leo ni maprofesa.

Mwenyekiti alikuwa Duco Scheltema, mkuu wa kitivo, mtu wa kutabasamu kwa meno ya juu tu. Jelmer alisimama kwenye kizimba chake cha mbao, koti la sherehe lenye mkia nyuma limembana mabega, dada yake na rafiki yake wamesimama nyuma kama desturi inavyotaka. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Alijibu, akatania, watu wakacheka. Kisha zamu ikamfikia mmoja wa wapinzani, ndivyo waulizaji wanavyoitwa kwao, Profesa Sieglinde Ahrendt, aliyetoka Ujerumani, mama mzee mwenye miwani ya kamba na sauti laini. Wanaomjua walikaa vizuri kwenye viti.

"Mtahiniwa mheshimiwa," alisema, "nimeipenda hoja yako ya mwisho. Inayotajwa na wote haisomwi na yeyote. Ulikuwa unamsema nani?"

Ukumbi ukacheka. Jelmer akawa mwekundu mpaka shingoni. "Mpinzani msomi sana, nilikuwa nawasema wote."

"Na mimi nimo?"

"Kama umewahi kutaja usichokisoma, umo."

Wakacheka tena. Machteld naye alicheka, huku vidole vyake vimeng'ang'ania ukingo wa meza.

"Mimi nimesoma," Ahrendt akaendelea. "Ukurasa wa thelathini na kitu unasema washiriki wote walifungwa mkanda wa kupima pumzi. Nikafurahi. Nikafungua mbele kutafuta vipimo vyake. Sikuviona. Vipo wapi?"

Jelmer alimtazama Machteld. Haukuwa mtazamo wa lawama, na afadhali ungekuwa. Alimtazama kama mtu anayeuliza, nifanyeje. Machteld akautazama mlango mkubwa nyuma ya ukumbi na kumwombea mshika fimbo aingie. Mshika fimbo hakuingia. Alitaka kusimama. Sentensi ilikuwa fupi tu: vipimo ninavyo mimi. Mwili wake ulikataa. Joho lilikuwa zito, kofia imembana, desturi inasema msimamizi hasemi, na yeye, Mungu amsamehe, aliishukuru desturi.

"Mikanda iliharibika," alisema Jelmer.

"Yote?"

"Yote. Ilikuwa ya bei rahisi. Hatukupata kitu cha kutumia."

Alilisema vizuri. Mtu aliyeshindwa kunyamaza maisha yake yote alikuwa amejifunza kudanganya, na alijifunza kwa siku moja. Ahrendt alifungua kinywa kuuliza tena, mlango ukafunguka, mshika fimbo akaingia kwa hatua zake za taratibu, akagonga sakafu. Saa imefika. Watu wakashusha pumzi, mama Tietsje akapiga makofi peke yake kabla ya wakati, akazuiwa na aliyeketi kando yake.

Wajumbe wakaingia chumba cha nyuma kushauriana. Ushauri huo huwa ni kahawa na kutia saini. Machteld hakukaa.

"Mikanda haikuharibika," alisema.

Duco alikuwa anakoroga kahawa. Hakuacha kukoroga. "Umesema?"

"Ilifanya kazi yote. Kulikuwa na sura nzima. Niliiondoa mimi. Mlango ni pumzi tu, Duco. Watu wanabana pumzi. Hakuna kingine."

Ajabu ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Miaka yote ile, na maneno yenyewe yalitoka kama mtu anayetaja njia ya kwenda stesheni. Akasikia kifua kinafunguka. Ahrendt alivua miwani. Wengine wawili walitazama vikombe vyao.

Duco akaweka kijiko kwenye kisosi, taratibu. "Ngoja. Tusikimbie. Yule kijana amesimama mbele ya mama yake na watu wote wale akasema mikanda iliharibika. Kama haikuharibika, basi amedanganya kwenye utetezi. Siyo wewe, ni yeye. Nikilisikia hilo hapa ndani, mimi kama mwenyekiti siwezi kumpa shahada. Narudi pale ukumbini mikono mitupu, namwambia aende nyumbani. Na asithubutu kuomba kazi popote." Akamtazama. "Nakuuliza mara moja tu, Machteld. Nimelisikia?"

"Alidanganya kwa ajili yangu."

"Sikuulizi kwa ajili ya nani."

Hapo ndipo alipoona ukubwa wa jambo. Njia ya kutokea ilikuwepo, ila ilipita juu ya mgongo wa Jelmer. Na isingekuwa leo tu. Mwakani, mwaka kesho kutwa, siku yoyote atakayosema ukweli kuhusu pumzi, watu watauliza umejuaje, na vipimo vya mikanda ile vitasimama kumshtaki kijana. Alikuwa amejificha ndani ya baada miaka yote, sasa hata hiyo baada haikuwepo tena. Jelmer alikuwa ameifunga kwa mikono yake mikubwa, kwa upendo.

"Mimi niliuliza kwa nia njema," alisema Ahrendt, kwa sauti ya mtu aliyechoka ghafla. "Nimekutaja kwenye kila nilichoandika tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kwetu kuna vijana wameanza kunong'ona habari za pumzi. Nilitaka vipimo vyenu nikawafunge midomo." Akaifuta miwani kwa pindo la joho, akaivaa. "Kama iliharibika, basi iliharibika."

Wote walikuwa wanamsubiri. Nje ya mlango zilisikika kelele za wageni, mtoto analia, mtu anamwambia mwenzake asimame pembeni apige picha.

"Hukulisikia," alisema Machteld.

"Vizuri," alisema Duco. "Kunyweni, inapoa."

Wakarudi ukumbini kwa mstari, mshika fimbo mbele. Watu wakasimama. Duco akatangaza kwamba mtahiniwa amestahili, kisha akamwachia nafasi msimamizi, kama desturi. Sasa Machteld alikuwa na mdomo, wakati hakuwa na cha kuufanyia. Aliifungua karatasi yenye maneno ambayo chuo kiliyaandika, ambayo alishayasoma mbele ya vijana wengi na siku zote aliyasoma akiwaza chakula cha jioni.

"Jelmer Boonstra," alisoma. "Kwa kuipokea shahada hii unajifunga kufanya kazi ya sayansi kwa ukweli na uaminifu, bila kupotosha, bila kuficha unachokijua, bila kumwogopa wala kumpendelea mtu. Je, unaahidi?"

Sauti yake haikutetemeka. Hilo ndilo lililomtisha baadaye kila alipolikumbuka.

Jelmer aliinua vidole viwili, akamtazama usoni. "Natamka na kuahidi."

Halafu zikaja sifa. Msimamizi hutakiwa kumsema mwanafunzi wake kwa wema na kuchekesha kidogo. Machteld akasimulia habari ya mabuti ya mpira na yule ng'ombe aliyegeuka kumtazama, akaiga hata uso wa ng'ombe. Ukumbi ukavunjika mbavu. Tietsje alilia na kucheka kwa pamoja, akitafuta leso kwenye mkoba asiione. Machteld akasema kwamba taasisi imempa Jelmer kazi kuanzia mwezi ujao, ataendeleza uchunguzi wa Mlango, na watu wakashangilia zaidi.

Akamkabidhi bomba jekundu lenye cheti ndani. Jelmer akainama kumbusu mashavuni, mara tatu, kama wanavyofanya kwao, na kwenye busu la tatu akamnong'oneza sikioni.

"Tumepona."

Alikuwa anang'aa uso mzima, masikio yake mekundu yamesimama, anamtazama kama mtoto aliyekuletea kitu alichokitengeneza mwenyewe na anangoja useme umekipenda. Machteld akasema, "Hongera, daktari."

Kwenye mapokezi palikuwa na mvinyo, jibini iliyokatwa vipande na mstari mrefu wa wapongezaji. Kijana mmoja asiyemjua alimjia akamwambia kwamba naye ameanza utafiti wake juu ya Mlango, na anaona fahari kusimama hapa. Ahrendt alishaondoka, alisema ana treni. Duco alimpungia mkono kutoka kwenye meza ya mvinyo kwa yale meno ya juu.

Tietsje ndiye aliyemshika mkono. Alikuwa na mkono wa mtu wa kazi, mkavu, wenye joto.

"Nikwambie kitu, Profesa? Baba yake alipokufa nilimwita nikamwambia, wewe sasa huna baba, mimi sina elimu ya kukuongoza. Mtazame yule mama. Anavyofanya yeye, na wewe fanya vivyo hivyo." Akamgeukia mwanawe, aliyekuwa katikati ya watu akicheka, bomba kwapani. "Na leo nimemwona pale mbele. Kila akibanwa anakutazama wewe kwanza, ndipo anajibu."

Machteld alitaka kuuachia ule mkono, akashindwa.